Mashine Isiyo na Isnadi

Hapana barza siku hizi, iwe ya Mji wa Kale hapa Mombasa, ya Malindi au ya Lamu, ambayo haijafikiwa na habari ya mashine inayojibu maswali. Kijana hutoa simu mfukoni, akauliza, na kabla kahawa haijapoa jibu limekuja, limepangwa vizuri, kwa Kiswahili kinachosomeka. Wazee wengine hustaajabu, wengine huguna. Mimi nimeketi na pande zote mbili, na naona kwamba twabishania jambo silo. Twabishana kama mashine hii ni halali au haramu, kama ina akili au haina, ilhali swali ambalo wazee wetu wangelitanguliza ni jengine kabisa: Nani aliyekwambia?

Kwanza jina lenyewe. Watanzania wameiita akili mnemba. Hapa Kenya wengi wameshika akili unde, na wengine husema akili bandia. Mimi lanipendeza hilo la unde, kwa kuwa latokana na kuunda, na sisi wa pwani twajua kwamba chombo huundwa na fundi, kwa mbao zilizokatwa na watu, kwa fedha za tajiri fulani. Chombo hakijiundi. Ama hilo la bandia hunikumbusha mtoto wa kuchezea wasichana, na hiki tunachokizungumza si kitu cha kuchezea.

Mashine hii hufanyaje kazi? Nitaeleza kwa mfano tunaoujua. Ukihudhuria usiku wa mashairi, malenga akianza mshororo ambao kina chake umekwisha kuzoeleka, wasikilizaji hulitaja neno la mwisho kabla yeye hajalitamka. Hawakuambiwa na mtu. Sikio lao limezoea. Basi mashine nayo imelishwa maandishi mengi mno, mabilioni kwa mabilioni ya maneno: vitabu, magazeti, sheria, mawaidha, matusi na porojo za mitandaoni, hata ikazoea neno gani hufuata neno gani. Ukiiuliza, haiendi kabatini kutoa kitabu. Hukisia neno linalofaa kuja, kisha linalofuata, kisha linalofuata. Baadhi ya mashine hizi siku hizi hupekua mtandao kwanza na kukutajia mahali zilipotoa habari, na hilo ni jema, lakini kazi yao ya asili ni ile ile ya kukisia. Mara nyingi hupatia. Zinapokosea, sauti haibadiliki hata kidogo. Binadamu asiyejua hukohoa, husita, hutazama kando. Mashine haikohoi.

Kisa mashuhuri cha jambo hili kilitokea New York mwaka 2023. Mtu mmoja alilishtaki shirika la ndege la Avianca akidai kwamba aligongwa goti na kigari cha kugawia chakula angani. Mawakili wake wakapeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi za zamani kuutilia nguvu upande wao. Mawakili wa shirika wakazitafuta kesi hizo wasizione. Jaji P. Kevin Castel naye akazitafuta asizione. Kumbe sita kati yake hazikuwahi kuwako duniani; zilikuwa zimetungwa na mashine iitwayo ChatGPT, pamoja na majina ya wadai na maneno marefu ya hukumu. La kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba wakili mmojawapo aliiuliza mashine ile ile kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamjibu kuwa ni za kweli. Alimpeleka mshitakiwa kuwa shahidi wa nafsi yake. Juni mwaka huo mawakili walitozwa faini ya dola 5,000.

Wanafunzi wa elimu ya Hadithi wanaosoma ukurasa huu nadhani wamekwisha kutabasamu. Wanazuoni wa zamani walilijua tatizo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Maneno yalikuwa yakitembea kutoka mji hadi mji, mengine mazuri mno, yakinasibishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie. Hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza: fulani amepokea kwa nani, na huyo naye kwa nani? Waliandika miaka ya kuzaliwa na kufa ya wapokezi, wapate kujua kama wawili hao waliwahi kukutana. Mtu aliweza kuwa mcha Mungu, msali usiku, na bado riwaya yake ikadhoofishwa kwa sababu ya usahaulifu. Mwengine alikuwa na hifadhi kama bahari lakini alijulikana kwa uongo sokoni, akaachwa. Yaani msimulizi alitakiwa mambo mawili kwa pamoja, kumbukumbu na uadilifu.

Sasa ipime mashine kwa mizani hiyo. Kumbukumbu inayo ya kutisha. Uadilifu je? Haina uadilifu wala ufasiki. Haiogopi kusema uongo, na wala haikusudii kusema uongo. Na katika kusagwa kwa maneno yale yote, majina ya waliosema yamepotea kama chumvi ndani ya mchuzi. Waionja, lakini huwezi kumwambia mtu ni ya dukani kwa nani.

Watu wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya wanazuoni, mtu wa kawaida yamhusu nini? La hasha. Utamaduni wetu wote umesimama juu ya swali hilo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kuandika Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na al-Islah mwaka 1932, wasomaji walijua mlango wa kwenda kubisha hodi wakitaka kumpinga. Mwanafunzi wa Riyadha ya Lamu akipewa ijaza, hupewa jina la mwalimu wake na la mwalimu wa mwalimu wake, mpaka Hadhramaut na kuendelea. Itazame pia historia ya tafsiri za Kurani kwa Kiswahili. Ya mwanzo kamili, ya mwaka 1923, ilifanywa na padri wa Kianglikana, Godfrey Dale. Ya pili, ya mwaka 1953, ni ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jamaa ya Ahmadiya. Zote mbili zilizusha majibizano makubwa, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyewahi kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akatoa yake kamili mwaka 1969. Mzee wa pwani akionyeshwa aya kwa Kiswahili, huuliza kwanza: tafsiri hii ni ya nani? Hauliwi ubishi tu. Anajua kwamba chaguo la neno moja hubeba itikadi ya mfasiri. Iulize mashine maana ya aya, itakupa Kiswahili laini kabisa, na wala hutajua kama ndani ya sentensi moja wamekutana padri, Ahmadiya na Farsy.

Sisemi kwamba mashine katika mambo ya dini ni mwiko. Dubai, idara ya mambo ya Kiislamu ilianzisha mwaka 2019 mtambo wa kujibu maswali ya watu kuhusu Swala. Lakini tazama tofauti: pale idara inajulikana, na jibu lina mwenyewe. Likiwa na kosa kuna mtu wa kwenda kumshika kanzu.

Nitoe kisa nilichokishuhudia. Nilikuwapo katika nyumba moja ya hapa mjini baada ya arubaini ya marehemu, watu wakizungumza mirathi. Marehemu aliacha mjane, mama yake mzazi, mabinti wawili, na ndugu mmoja wa kiume, khalisa, wa baba na mama. Mtoto wa yule ndugu, kijana msomi na mwenye adabu, aliiuliza simu. Jibu likaja mara moja: mjane thumuni, mama sudusi, mabinti wawili thuluthi mbili, na ndugu apate kilichobaki, yaani sehemu moja katika 24. Akalisoma kwa sauti. Sheikh aliyealikwa akasikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Hesabu yako ni sawasawa, mwanangu. Nami ningeigawa hivyo hivyo. Sasa nambie, mahari ya mke wa ami yako yalimalizwa?"

Kimya. Kijana akamtazama babake, babake akatazama mkeka. Sheikh akaendelea kuuliza kwa upole, kama mtu asiye na haraka. Nyumba hii ni ya marehemu. Na kiwanja je? Ikadhihirika kwamba kiwanja kilikuwa cha watu wengine, kama zilivyo nyumba nyingi za Mombasa, na kodi ya ardhi ilikuwa haijalipwa kwa muda. Ama mahari, nusu yake ilibaki deni tangu siku ya nikaha. Mjane alikuwa upande wa pili wa pazia, ndani ya eda yake, na sidhani kwamba angelisema mwenyewe. Mwanamke wa malezi yake haanzi kudai mahari na matanga hayajasahaulika. Deni lile lilitolewa kwanza, kisha ndipo thumuni na sudusi zikaingia kazini, na kilichogawanywa kilikuwa kitu kingine kabisa kuliko kile ambacho simu ilikuwa imekipigia hesabu.

Niwe mkweli: chini ya jibu la mashine palikuwa na mstari uliosema kwamba madeni na wasia hutangulia. Uliandikwa. Hakuna aliyeusoma, kwa sababu macho yote yalikwenda kwenye mafungu. Na mstari haumtazami mtu usoni hata ukamwona anatazama mkeka.

Katika jambo hili kuna kichekesho cha historia ambacho sikiachi kikapita. Lile neno la Kizungu ambalo wataalamu hulitumia kutaja kanuni za hesabu zinazoendesha mashine hizi, algorithimu, limetokana na jina la Mwislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, karne ya 9. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoipa dunia jina la aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho, jambo ambalo shule hazilisemi, ni maswali ya mirathi na wasia: mtu amekufa, ameacha hawa na hawa, ana deni hili, ameusia hivi, kila mmoja apate nini? Alikuwa akitafuta njia ya kumfikishia mjane haki yake. Walatini walipokifasiri katika karne ya 12 walichukua hesabu wakaliacha fungu la mirathi. Siwalaumu sana, sheria zao zilikuwa nyingine. Lakini nikiisikia simu ikigawa mirathi ya watu, humkumbuka mzee yule wa Baghdad.

Nije kwenye jambo linalotugusa sisi Waislamu kwa jina. Mwaka 2021 watafiti watatu, Abubakar Abid, Maheen Farooqi na James Zou, walitoa uchunguzi wao juu ya mashine iitwayo GPT-3, mtangulizi wa hizi za leo. Waliipa mwanzo wa sentensi, Waislamu wawili waliingia mahali fulani, wakaiacha iimalize yenyewe. Wakarudia mara 100. Katika mara 66 mashine iliimaliza sentensi kwa bunduki, bomu, mauaji au jambo la namna hiyo. Walipobadilisha neno Waislamu wakaweka watu wa dini nyingine, ujeuri ule ulipungua sana. Hakuna fundi aliyekaa akaiamrisha mashine ituchukie. Ilisoma tu yaliyoandikwa juu yetu miaka ile yote, nayo ikazoea kina chake. Wenye mashine wamefanya jitihada tangu wakati huo kuirekebisha, na leo ukiijaribu kwa sentensi hiyo huenda ikakujibu kwa adabu nyingi. Lakini fikiria mashine kama hiyo imekabidhiwa kazi ya kuchuja maombi ya ajira, au ya viza, na jina lililo juu ya karatasi ni Mohamed Omar. Kuna mtu atakayekwenda kuihoji? Kijana atapata barua ya kukataliwa, basi.

Wafasiri nao wana lao. Lugha yetu husema "yeye" kwa mume na kwa mke. Kituruki ni hivyo hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science ulionyesha kwamba mtambo wa kufasiri, ukipewa Kituruki kisichotaja jinsia, ulimgeuza daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke. Binti zetu wangapi sasa ni madaktari? Mashine ilikuwa haijapata habari.

Nimesema kwamba chombo hakijiundi. Basi baadhi ya mafundi wake wako hapa hapa nchini, na wengi wetu hatukuwa na habari nao. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza kwamba vijana wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa mkataba wa OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa wamefanya kazi ya kusoma na kuzitia alama habari chafu kuliko zote, za mateso, mauaji, kujiua, na za kunajisiwa watoto, ili mashine ifunzwe kuyatambua mambo hayo na kuyakwepa. Ujira waliokwenda nao nyumbani, kwa mujibu wa jarida hilo, ulikuwa baina ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa fedha za wakati ule ni kama shilingi 150 hadi 250. Kampuni ilizipinga baadhi ya hesabu hizo. Ilivunja mkataba Februari 2022, kabla ya muda wake. Vijana wengine, waliokuwa wakichunga picha na maneno ya Facebook kutoka Nairobi, wamekwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba Meta, wenye Facebook, waweza kushitakiwa hapa Kenya.

Mara nyingi nikiisoma mashine ikimjibu mtu kwa upole, ikikataa kumfundisha jambo ovu, huwafikiria vijana hao. Upole ule umetoka kwa mtu. Kuna mtu alikaa saa tisa akisoma uchafu ili wewe na mimi tusiuone, akarudi nyumbani kwake usiku na yale aliyoyasoma kichwani. Sote tulifundishwa chuoni habari ya kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Hili lisilokauka si jasho, na sijui lalipwa kwa fedha gani. Nikiulizwa isnadi ya mashine, hawa ni wapokezi wake mmojawapo, na hawatajwi popote.

Limebaki la lugha, nalo laniuma binafsi kwa kuwa mimi ni mtu wa Kimvita. Mashine hujibu kwa Kiswahili, ni kweli, na kila mwaka huzidi kukisema vizuri. Lakini ni Kiswahili kipi? Jaribu kuizungumza kwa Kiamu au kwa Kitikuu uone itakavyokurekebisha, kama mwalimu mgeni anayemsahihisha mwenye nyumba. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapa hapa Mombasa, na katika mji wa Kimvita ikaamuliwa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kulisimamia jambo hilo. Wazee wetu walinung'unika, na marehemu Shihabuddin Chiraghdin alilitetea sana hili la lahaja zetu. Lakini kamati ile ilikuwa na watu, iliandika barua, iliweza kujibiwa. Hii ya leo haina kikao. Mtoto wa Kibokoni anayeandikiwa insha na simu hulishwa lugha isiyo ya bibi yake, na bibi hana wa kumwandikia.

Serikali ilizindua Machi 2025 mpango wa taifa wa akili unde, wa kufikia mwaka 2030, na sheria ya kulinda habari za watu tunayo tangu 2019. Ni hatua. Mimi ningependa mambo mepesi zaidi yaanze kesho. Walimu wa madrasa wamruhusu mwanafunzi kuiuliza mashine akitaka, kisha wamtume akatafute kitabu na jina la aliyesema, na asipolipata jibu hilo lifutwe ubaoni. Wanaotoa fatwa na makala kwa msaada wa mashine walitie jina lao chini na kuibeba dhima yake.

Na kuna wanaotushauri kwamba dawa ya lugha yetu ni kuipa mashine hazina tulizonazo: miswada ya tendi kwa herufi za Kiarabu iliyo katika masanduku ya Lamu, Siyu na Pate, barua za wazee, kanda za mawaidha. Ushauri huu si mbaya, ila tunayo njia yetu ya kutoa mali ikabaki na jina la mtoaji na masharti yake, nayo ni wakfu, yenye msimamizi anayeulizwa. Miswada mingi ilikwisha kutoka pwani hii zamani ikaishia katika maktaba za Ulaya, na mtu wa Pate akitaka kuisoma ya babu yake huenda ikambidi aombe kwa barua London. Nimewauliza wenye masanduku wawili watatu kama watakubali kupiga picha karatasi zao zikaingizwe mashineni. Mmoja alisema atawashauri ndugu zake. Mwengine, bibi wa makamo anayezifungua karatasi zake mara moja kwa mwaka kuzipunga jua, alitaka kujua kwanza kama jina la marehemu babake litabaki juu ya utenzi. Nilimjibu kwamba kwa namna mashine zilivyo sasa halitabaki. Akalifunga sanduku, akanimiminia chai.